Kwa Kamati ya Kamera, Kahawa Wendani

Shosho, wazee wa kamati, kina mama na vijana wa steji:  Ujumbe wenu umenifikia huku Florida: kijana wa ploti ameanza masomo ya urubani pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, kamati imeazimia atafutiwe kamkoda ya bei nafuu ya kurekodi masomo hayo, na mtu wa kuitafuta ni aliye ng'ambo, ambako, kwa mujibu wa kumbukumbu za mkutano, vitu vya stima huokotwa kando ya barabara. Hilo la kuokota silipingi sana. Jumamosi watu wa huku huanika nje ya gereji zao kila walichochoka nacho, na kamkoda za zamani hukaa pale katikati ya vibaniko vya mkate na viatu vya watoto, zikiuzwa kwa bei ya kilo ya nyama choma au pungufu. Ninachopinga ni kipimo mlichoweka. Mmeandika, kwa herufi kubwa, kwamba iwe na uwezo wa kuvuta picha mara 70. Kamera ya mwanagenzi wa urubani huchaguliwa kwa sikio. Nyinyi mmeichagua kwa jicho, tena jicho la mpiga picha wa harusi.

Tuanze na hiyo mara 70. Ndege inayofundishia watu wengi zaidi duniani ni Cessna 172. Ya kwanza iliruka mwaka 1955, na zimeshaundwa zaidi ya 44,000. Upana wa ndani ni kama mita moja tu. Mwalimu na mwanafunzi hukaa bega kwa bega kama siti ya nyuma ya matatu baada ya makanga kusema bado mmoja. Humo ndani, kamera ya kuvuta mara 70 itawaonyesha nywele za pua ya mwalimu, basi. Panahitajika lenzi pana, ile ya vikamera vidogo vya michezo, inayomeza dashibodi, mikono ya mwanafunzi na mstari wa upeo wa macho kwa pamoja. Na ikishavimeza, picha yenyewe haina mengi ya kusema. Leseni ya rubani binafsi huhitaji takriban saa 40 angani, na kwa saa karibu zote hizo picha ni ileile: mbingu, vioo vya saa na goti la mtu. Kinachobadilika ni maneno. Mwalimu anasema kasi inashuka, shusha pua. Mnara wa Wilson unamwaga nambari na herufi kwa mwendo wa makanga wa Githurai akitaja vituo. Kijana anajibu, anakosea, anarekebishwa. Somo lote hupita ndani ya hedseti, na kamera iliyobandikwa kwenye kioo haisikii hata neno moja. Inasikia injini. Mtaketi sebuleni kwa Shosho, chai mezani, mtazame kijana akifungua na kufunga mdomo kwa saa nzima huku televisheni ikinguruma kama posho mili.

Watu wa Thika Road hamhitaji kufundishwa hili. Nganya zinapopangana pale steji, nani aliwahi kuchagua moja kwa sababu kioo chake cha mbele ni safi? Mwenye gari anajua pesa zake ziende kwenye spika. Basi na kamati ifanye vivyo hivyo: kamera ya kawaida, hata iliyotumika, halafu kilichobaki kiende kwenye sauti. Njia mbili zinajulikana. Ya kwanza ni waya maalumu unaokaa kati ya hedseti na dashibodi ya ndege, ukichota mazungumzo na kuyapeleka kwenye kamera yakiwa yamepunguzwa nguvu, maana sauti ya ndege ikiingia nzima nzima hukwaruza. Hapa kuna mtego: vikamera vingi vidogo havina tundu la maiki, na adapta yake huuzwa kando kwa bei ya kuudhi. Njia ya pili ndiyo niipendayo, kwa kuwa ina akili ya jua kali. Chukua kile kimaiki cha kubana kwenye shati, kichomeke ndani ya kikombe cha hedseti kinachofunika sikio, waya wake uingie kwenye kinasa sauti kidogo mfukoni. Kikombe kinazuia kelele za injini, kimaiki kinasikia yote anayosikia kijana. Kabla ya kuwasha injini apige kofi moja mbele ya kamera. Nyumbani atalinganisha mlio wa kofi na picha ya viganja vikigusana, na kazi imekwisha.

Mtauliza: kwa nini basi nisiokote tu ile ya gereji, nikaongeza kimaiki? Kwa sababu ya mahali Mungu alipoiweka Nairobi. Kamkoda nyingi za miaka ya 2005 hadi 2010 hivi zilihifadhi picha kwenye diski inayozunguka, na kichwa cha kusomea huelea juu ya diski hiyo kwa mto mwembamba wa hewa. Hewa ikipungua, mto unapungua. Baadhi ya watengenezaji waliandika katika vitabu vya maelekezo kwamba isitumiwe juu ya mita 3,000. Kwa jirani yangu wa Florida, ambako kilima kirefu kuliko vyote ni mita 105, onyo hilo ni hadithi. Lakini Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Kijana akipanda futi 4,300 hivi kutoka hapo, amefika kwenye mpaka. Muuzaji ataapa kwamba chombo hakijawahi kumsumbua, naye atakuwa anasema kweli kabisa. Kwa hiyo iwe ya memori kadi, isiyo na kitu kinachozunguka. Na msidanganywe na kamera za picha za kawaida "zinazochukua video pia". Nyingi ziliwekwa zikatike zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa kuwa Umoja wa Ulaya ulihesabu chombo kinachorekodi nusu saa kamili kuwa kamera ya video na kukitoza ushuru zaidi. Kijana anatua dakika ya 50, na kutua ndiko mnakotaka kukuona.

Najua pia kuna mjumbe atakayesimama aseme kijana ana simu nzuri, pesa zirudi. Hoja hiyo ina uzito. Simu ina lenzi safi na haigharimu kitu. Ila mwezi Septemba 2021 Apple wenyewe walionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu sehemu za kamera za iPhone, na injini ya Cessna si mpole kuliko ya boda. Kuna jambo zito zaidi. Mei 2014, karibu na Watkins, Colorado, Cessna 150 ilianguka na watu wawili wakafa. Wachunguzi wa Marekani walikuta kikamera karibu na mabaki yake chenye picha za safari zilizotangulia, rubani akijipiga selfi kwa simu, na wakahitimisha kwamba huenda simu ndiyo iliyomtoa akili kwenye usukani. Kamera ya masomo iwashwe chini, isiguswe tena mpaka injini izimwe. Simu haiachiki hivyo, hasa mkiwa mnampigia. Na mwalimu aombwe ruhusa kwanza, kwa sababu sauti ni yake.

Imebaki hoja ya kina mama, kwamba kamera itakayonunuliwa itumike pia kwenye sherehe za ruracio. Kamera ya ruracio mkodi. Hii yetu ina kasoro zake: hata propela itaichora kama ndizi mbivu, maana husoma picha mstari kwa mstari, na propela inayozunguka mara 2,400 kwa dakika haisubiri mistari iishe. Shosho akiiona asiite maombi. Propela ni nzima. Kipande cha kioo cheusi mbele ya lenzi, miwani ya jua ya kamera kwa kweli, huilazimisha kufumbua jicho kwa muda mrefu zaidi na ndizi zinageuka kuwa ukungu.

Saa moja ya Cessna na mwalimu huku hupita dola 200. Kikamera kilichotumika, kinasa sauti na kimaiki, vyote pamoja, naweza kuvipata kwa chini ya hizo. Nataka mambo mawili tu kutoka kwenu: kijana aangalie hedseti yake kama ina pini mbili au moja nene, endapo mtachagua ile njia ya waya; na kama mjomba bado ana kinasa sauti chake, aangalie kama tundu la maiki linafanya kazi, nisinunue kingine bure. Nijibuni kabla ya Jumamosi.