Steringi Hafi, Petroli Ndiyo Inayoisha

Mtu akikwambia kuwa muvi ya taharuki ni ile inayokuweka roho juu mpaka dakika ya mwisho usimjue muuaji, muulize kwanza ameiangalia wapi. Kama aliiangalia chumbani kwake, mlango umefungwa, chai ipo mezani, msadiki. Kama aliiangalia kwetu Kalemela, huyo anakupiga kamba. Huku wilayani Busega siri haikai. Ng'ombe wa mtu akikohoa alfajiri, jua likichomoza wanajua mpaka Nyashimo na dawa wameshapendekeza. Ndiyo itafichika sura ya muuaji ambaye jana jioni ameonyeshwa hadharani kwa shilingi mia tatu?

Ukumbi wetu ni kibanda umiza cha shemeji yangu: mabati juu, mabati pembeni, mabenchi ya mbao yaliyokwaruza suruali za kijiji kizima, runinga bapa, na sabufa ambayo ikipigwa bunduki ndani yake kuku wa jirani wanaacha kutaga. Siku za Simba na Yanga sisi wapenzi wa muvi hatuna haki, tunasimama dirishani. Siku nyingine ni zetu. Muvi zinakuja kwenye flashi kutoka Lamadi, na flashi ya Lamadi haina majina ya kueleweka. Unafungua faili lililoandikwa "KIVITA KALI MPYA" unakuta wahusika wawili wa Ufaransa wanakula mkate na kulia. Tumewahi kuwavumilia karibu saa nzima tukiamini vita vinakuja.

Kuna adui watatu wa taharuki Kalemela. Wa kwanza ni watoto walioingia jana. Hawa hulipa tena leo, si kwa kutaka kuona, bali kwa kutaka kutangulia. Mlango wa kwenye muvi haujafunguliwa, wao wameshapiga kelele: "Yupo nyuma! Yule wa kofia!" Wa pili ni mvua. Mvua ikipiga mabati, hata kama mpelelezi amewakusanya washukiwa wote sebuleni na kuanza kueleza mambo yalivyokwenda, unachokiona ni mdomo unacheza. Nimeshuhudia kesi nyingi zikifungwa kwa ishara za mikono. Wa tatu ni shemeji mwenyewe. Umeme ukikatika anawasha jenereta, na jenereta yake ina tabia ya ajabu: huzimika pale tu ambapo steringi amening'inia gorofani kwa vidole viwili. Hapo shemeji anapita na kofia: "Mia mia jamani, petroli." Hakuna mwongozaji wa Hollywood aliyewahi kutushika roho kama kofia ile. Steringi tunajua hafi, hilo halina mjadala tangu enzi za Schwarzenegger kwenye Commando ya mwaka 1985, alipomaliza jeshi zima kisiwani akatoka na mikwaruzo ya kuoshwa kwa maji ya chumvi. Petroli, lakini, inakufa kweli.

Halafu yupo mtafsiri. Sikumweka na maadui kwa sababu nampenda. Kazi hii ina wakubwa wake: kwetu alikuwapo Lufufu, jina lake Derek Mukandala, ambaye sauti yake iliwafanya Wahindi, Wachina na Wamarekani waongee Kiswahili cha mtaani, Kenya wanaye DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao. Mtafsiri mzuri hatafsiri tu, anakueleza na bei ya shati alilovaa adui. Lakini mtafsiri ana udhaifu mmoja ambao ni wa kibinadamu kabisa. Ameshaiona muvi mpaka mwisho, na hawezi kukaa nayo moyoni.

Ndivyo tulivyoipata The Sixth Sense. Kwa ambao haikuwafikia: ni ya mwaka 1999, ya M. Night Shyamalan, Bruce Willis akiwa daktari wa akili za watoto anayemtibu kijana anayeona wafu. Dunia nzima ilitoka kumbini mdomo wazi kwa jambo linalofichuliwa dakika za mwisho. Sisi mtafsiri (jina lake naliweka kapuni) alitufungulia hivi, muziki wa mwanzo haujaisha: "Mtazamaji, huyu daktari unayemwona hapa ameshakufa, ila mwenyewe hajajijua. Twende kazi."

Nilitaka kutoka. Miezi kadhaa nilikuwa nikiwasimulia watu kwamba kuna muvi itawavuruga akili. Nikamgeukia bibi mmoja jirani yetu, ambaye huja na kigoda chake mwenyewe kwa sababu mabenchi ya shemeji hayaamini, nikamwambia, "Bibi, tumeshaharibiwa." Akanijibu bila kuondoa macho kwenye runinga, "Tumeharibiwa nini mjukuu wangu? Ngoja tuone mwenyewe atajua lini."

Basi tukakaa. Ikafika pale daktari anapochelewa kwenye chakula cha usiku na mkewe, hotelini. Anafika, anavuta maneno, anaomba radhi. Mke hamjibu. Anasaini bili, ananyanyuka, anaondoka. Kibanda kimya. Bibi akapiga goti lake. "Hata huyo wa kwenye sabufa asingesema, mimi ningejua. Mume kachelewa mezani, mke haulizi alikuwa wapi? Huyo mwanaume ni marehemu." Akaongeza kuwa tangu yule daktari aanze kumtibu kijana hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemwamkia, na mtu asiyeamkiwa na yeyote, ama amefanya jambo baya sana ama hayupo. Nikawaza: Shyamalan alijificha Marekani nzima, lakini angekuja kujificha Usukumani, mahali ambapo salamu peke yake inaweza kumaliza robo saa, asingefika mbali. Toka siku ile nina msimamo ambao wapenzi wenzangu wa mjini wananicheka nao. Muvi inayoharibika kwa kuambiwa mwisho wake haikuwa imara. Ile ilikaa. Vijana walilia daktari alipojijua, nao walijua tangu mwanzo.

Upande wa pili ipo Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa na Nabwana kule Wakaliga, Kampala, mwaka 2010. Kwa bunduki za kuchomelea na helikopta za kompyuta, watu wale wana moyo. Ila jina linauliza nani alimuua Kapteni Alex, na muvi inakwisha bila kujibu. Hakuna anayejua! Kalemela ilipokea jambo hili kama dharau. Watu hawakutoka. Waliketi pale runinga ikiwa imezimwa, wakafanya kikao, wakachambua mienendo ya kila mtu, na kabla ya saa nne usiku wakawa wameshamtia hatiani ndugu yake wa karibu, kwa hoja kwamba ndivyo inavyokuwaga.

Kuhusu muvi zinazorudiwa nina mawazo makali, na nitayasema. The Karate Kid ya mwaka 1984 mzee anamfundisha kijana kupigana kwa kumpa kazi za nyumbani: paka ukuta rangi, ng'arisha gari. Ya mwaka 2010 wamempeleka mtoto China, mwalimu ni Jackie Chan, na kazi ni kuvua koti, kulitundika, kulivaa. Humo ndani hakuna karate, ni kung fu mwanzo mwisho, lakini jina limebaki lilelile kama duka lililobadilisha biashara na kuacha kibao. Ninaipendelea ya kwanza kwa sababu za uzalishaji. Ukuta umepakwa, gari linang'aa. Koti linampa faida nani? Shemeji aliiona fursa, akawaambia wanawe kwamba kupalilia pamba ni zoezi la siri la mabega. Asubuhi moja walipalilia kwa kasi ambayo hatujaiona tena wilayani. Jioni wakaja kudai sehemu ya pili ya mafunzo, kupigana kwenyewe, naye shemeji hajui hata kukunja ngumi. Palizi likafia hapo.

The Lion King sitasahau. Ile ya katuni ya mwaka 1994 iliwaliza watu wazima. Wakairudia mwaka 2019 kwa kompyuta, simba wanafanana na simba kweli, kila unywele. Tatizo ni hilohilo. Simba wa kweli hana sura ya huzuni. Mtoto anafiwa na baba yake kwa uso uleule anaoutumia kuangalia nyasi. Na sisi tuko jirani na hifadhi. Kutoka kwetu kwenda lango la Ndabaka la Serengeti si safari ya kufungia chakula. Simba anayefanana na simba hatumwonei huruma. Nyumbu walipoanza kutimua korongoni na mfalme yuko chini yao, mzee mmoja mfugaji alisimama juu ya benchi akiwashangilia nyumbu. Watoto wakamwangalia kwa hofu. "Mkanyageni!" alikuwa akisema. "Leo zamu yenu!"

Na Drishyam. Ilianza kwa Kimalayalam mwaka 2013 na Mohanlal, ikarudiwa kwa Kihindi mwaka 2015 na Ajay Devgn, Wachina nao wakatengeneza yao. Ni kisa cha mtu mwenye biashara ya kebo ya televisheni, aliyesoma kidogo na kuangalia muvi nyingi, anayewaficha polisi mauaji yaliyofanyika nyumbani kwake kwa akili aliyoipata kwenye muvi hizo. Nikuharibie mimi mwenyewe kabla hajakuwahi mtoto wa jirani: maiti ameizika chini ya kituo cha polisi kilichokuwa kinajengwa. Kwa uundaji wa kisa, hiyo ndiyo taharuki bora niliyowahi kuona, ya Kihindi na ya Kimalayalam zote. Lakini kibandani iligonga mwamba kwenye jambo dogo. Familia nzima inashikilia hadithi moja, na jirani hasemi. Watu waligoma kuamini. Udongo umefukuliwa usiku, na hakuna aliyepita asubuhi akauliza, "Habari za kuamka, mnapanda nini?"

Sasa njoo kwenye dokumentari, ambazo wengi huziita makala za wanyama na kuziona za kulalia. Hapa ndipo taharuki yetu ilipohamia. Dokumentari haina steringi, kwa hiyo hujui nani hafi. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti na ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia wakihesabu wanyama, wakatengeneza filamu iliyochukua tuzo ya Oscar. Michael akafa kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959, kazi haijaisha. Shemeji alipotuonyesha, watu walicheka ndege ilipotokea. Ikabidi asimamishe aeleze kwamba yule kijana harudi. Kofia ilipopita siku ile, hakuna aliyenung'unika.

Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ni ya ziwa letu lenyewe, Mwanza na minofu ya sangara. Imejengwa kama muvi ya kijasusi: ndege kubwa za mizigo zinatua, zinapakia samaki kwenda Ulaya, na mtengenezaji anauliza kila mtu, zilipokuja zilibeba nini? Rais Kikwete aliikemea hadharani mwaka 2006, na mengi yalisemwa. Mimi nina malalamiko mawili tu. La kwanza, mapanki. Filamu inayaonyesha mafuu na miiba ya sangara yakianikwa na kukaangwa kana kwamba dunia imefika mwisho. Funza na tope siyatetei, lakini bibi wa kigoda aliona aibu kwa niaba ya wapishi: "Mbona mafuta hayajachemka vizuri?" La pili, iliteuliwa kugombea Oscar, ikashindwa na filamu ya pengwini. Ziwa la pili kwa ukubwa duniani kwa maji baridi, sangara, marubani, siri za kimataifa, halafu anashinda ndege asiyeruka!

Lakini iliyotumaliza ni moja ya nyumbu wakivuka mto Grumeti. Mto huu unamwaga maji yake kwenye Ghuba ya Speke, ni mto wa watu tunaowajua. Mamba wametulia majini kama magogo. Nyumbu wanasita, wanarudi, wanasita. Kibanda kizima kimesimama. "Si wapite darajani!" akapiga kelele kijana mmoja, na kuna waliomuunga mkono. Wakati huohuo kwa nje tukasikia madebe yakigongwa na watu wakipiga yowe, tukaisifu sabufa. Ilipoisha ndipo tukajua kwamba tembo walikuwa wameingia mashambani upande wa pili wa kijiji, wenzetu wamewafukuza peke yao, na wanataka kujua sisi wanaume tuliokuwa hatuonekani tulikuwa tunaangalia nini. Tulipowaambia tulikuwa tunaangalia wanyama, mazungumzo hayakwenda vizuri.

Jumamosi hii shemeji anasema flashi mpya imefika, na ndani kuna Anaconda ya mwaka 1997. Mimi nimeshasema haifai. Nyoka yule ukimwangalia vizuri ni mpira wa kumwagilia maji uliotiwa meno. Nimependekeza Ghajini. Vijana wamegawanyika. Bibi alipita jana kuulizia, amesimama mlangoni na kigoda chake mkononi.

"Huyo nyoka anakufa?"

"Anakufa, bibi."

"Mwishoni kabisa, au mnarudisha rudisha?"

"Mwishoni, ila anasumbua kwanza."

Akatoa mia tatu yake. "Niwekeeni nafasi," akasema, "na petroli nunueni leo."