Waya ni Waya

Mwaka 1876 Mfalme Rumanyika wa Karagwe alimwonyesha mgeni wake Stanley nyumba ya hazina, na ndani yake walikuwamo ng'ombe waliofuliwa kwa metali. Nchi yetu ni ya wahunzi. Nayasema haya mapema ili usinicheke ukisikia kwamba mimi, mwalimu wa Kiswahili hapa Bugene, Karagwe, niliunga waya wa betri kwa nyundo.

Betri ni ya sola, volti 12, na inveta ilikuja na waya mfupi kuliko subira yangu. Nikaenda Kayanga kununua waya mnene wa milimita 16 za mraba na lagi mbili, vile vichwa vya shaba vyenye tundu la boliti: waya huingia nyuma, hubanwa, halafu tundu hufungwa kwenye betri. Lagi nilizochagua zilikuwa za waya wa milimita 10 za mraba. Mwenye duka aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu mara mbili kwamba waya ni waya.

Waya haukuingia. Nikaupunguza nyuzi kwa wembe, kama anavyonyolewa mtoto, mpaka ukakubali. Koleo la kubania sina, basi nikaweka lagi juu ya jiwe la kusagia la mke wangu nikaipiga nyundo. Ikawa bapa kama chapati. Nilipojaribu kuvuta, waya ukatoka wote, taratibu, bila kinyongo.

Ndipo nikakumbuka risasi. Ninayo pasi ya kuchomelea ya wati 40, ya kutengenezea redio. Sasa, shaba nene hunywa joto: ncha ya pasi hupoa kabla waya haujapata moto, na risasi badala ya kupenya katikati ya nyuzi hukaa juu juu kama samli kwenye uji uliopoa. Mimi niliona inang'aa tu. Nikazungushia solotepu ya kutosha kufunga mguu uliovunjika.

Jumapili baba mkwe akaja kutoka Kyerwa kutazama Simba na Yanga. Umeme ukakatika, na nikawasha inveta kwa madaha: runinga, dekoda, na lile sabufa ambalo mke wangu alisema tuliache. Inveta ikalia pii, pii, pii.

"Inakusalimia, baba," nikamwambia.

Ikafuata harufu. Solotepu ikatoa machozi meusi, kisha tone jeupe likadondoka, tss, likatoboa mkeka.

Ujanani mzee alichimba bati huko Kyerwa. Tone lilipopoa aliliokota, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa simu. "Risasi gani? Hili zaidi ni bati. Tumelichimba mpaka migongo ikapinda, kumbe lije kutoboa mkeka wa binti yangu." Akaushika waya, akavuta. Ukabaki mkononi mwake, na mechi tukaisikiliza redioni.

Kesho yake akaja fundi, binti mdogo kuliko wanafunzi wangu wa zamani, akanipigia hesabu ya fizikia niliyoikimbia kidato cha pili. Vyombo vyangu vilivuta ampea 25. Kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu hula volti mbili na nusu, ndiyo maana inveta ililalamika, wala haikumsalimia mtu. Tena hutoa joto la wati 62 na nusu.

"Pasi yako ni ya wati ngapi, mwalimu?"

"Arobaini."

"Basi kiungo kilijichomelea chenyewe kuliko ulivyokichomelea wewe."

Akatoa lagi ya milimita 16 za mraba, akaingiza waya na nyuzi zake zote, akabana kwa koleo refu lenye kinywa cha pembe sita, hadi shaba na shaba zikashikana bila nafasi ya hewa. Risasi hakuigusa. Kiungo cha umeme mwingi kikipata moto, alisema, risasi ya redio huanza kulegea kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi na kuachia waya, wakati mbano wa shaba hauna cha kuyeyuka hapo. Akaongeza fyuzi karibu na betri. Mimi fyuzi nilidhani ni pambo. Mwisho akaikanyaga lagi, akavuta waya kwa mikono miwili, kisha akaniambia nami nivute.

Siku hizi baba mkwe akija, kabla ya kuketi, kabla hata ya kupokea maji, huenda nyuma ya kabati na kuvuta waya. Haujatoka bado.