Beseni la Jongoo

Vuli ilipokolea hapa Usagara, majongoo walitoka chini ya miembe, weusi na wanene kushinda kidole gumba, binti yetu akaja na mmoja nyumbani. Mama yake akataka atolewe jioni ileile. Nilimtetea. Tandu ana sumu. Jongoo haumi, kazi yake ni kuyarudisha majani makavu udongoni. Afrika Kusini yupo kiumbe mwenye ngozi kama mahameli, atemaye gundi kunasa mawindo, na watu humtazama kwa mshangao. Nasi wa kwetu tumtazame.

Akapewa beseni la kuoshea dagaa. Tulitia udongo, majani yaliyooza, gome, na maganda ya mayai yaliyosagwa, maana gamba lake hujengwa kwa chokaa.

Usiku uleule akamkojolea mtoto kiganjani. Si mkojo hasa: akibanwa hujikunja na kutoa majimaji yenye benzokwinoni. Doa la kahawia likakataa sabuni. Bibi, aliyekuja kututembelea kutoka Magu, akatukumbusha kwamba amtupaye jongoo humtupa na mti wake. Yaani beseni nalo liende.

Kisha jongoo akatoweka chini ya udongo. Wiki zikapita. Mama akasema mnyama amekufa, anataka beseni lake. Binti akawa analala kando ya beseni. Nikakataa lisimwagwe, kwa kuwa jongoo hujichimbia ili abadili gamba, na akifukuliwa angali laini anaweza kufa. Basi dagaa zikaoshwa kwenye sufuria ya ugali, ugali ukanuka dagaa, nyumba nzima ikanuniana.

Bibi ndiye aliyemwona kwanza, alfajiri, akichochea moto. Alimwamsha mjukuu wake taratibu. Jongoo alikuwa juu ya jani, gamba jipya linang'aa, anakula. Mtoto akauliza kama ameongeza miguu. Swali zuri: majongoo huanguliwa na miguu michache, huiongeza wanavyobadili magamba. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza jongoo wa Australia, Eumillipes persephone, mwenye miguu 1,306. Wa kwetu ana mamia tu, na bado hatujamaliza kuihesabu.

Mama alinunua beseni jingine gulioni, akapiga marufuku lisiguswe na udongo. Bibi siku ya kuondoka alichota kopo la ule udongo wenye mavi ya jongoo, akapandie mchicha.