Jicho la Wolai

Katika viumbe wote waliojaaliwa macho, sijapata kumjua mmoja ambaye macho yake yamewatia wanadamu katika adha nyingi kuliko wolai, samaki wa maji baridi ya Amerika ya Kaskazini, mwenye mgongo wa rangi ya zaituni, ubavu wa dhahabu iliyochujuka, meno makali, na mboni mbili za ukungu ambazo mtu akizimulika usiku humrudishia nuru yake mwenyewe, mithili ya mboni za paka aliyekutwa na gari njiani. Nyuma ya mboni hizo pana utando unaorudisha mwanga, na kwa fadhila ya utando huo wolai huona barabara mahali ambapo windo lake halioni kitu. Kwa sababu hiyo hapendi kula jua likimtazama. Hula alfajiri, hula magharibi, hula usiku wa manane. Na mchana hula siku ile tu ambayo mbingu imefunga mawingu na upepo umelikoroga ziwa hata nuru ikashindwa kupenya. Maana yake ni kwamba samaki huyu amezitenga kwa karamu zake saa zile zile ambazo mtu mwenye akili timamu yu chini ya blanketi, na amtakaye hana budi kulitupa blanketi.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nyumba ya wavuvi, lakini riziki imenitupa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Mwenyezi Mungu amewajalia wenyeji maziwa zaidi ya 10,000 kisha akawawekea joto la kuyafaidi kwa kipimo cha haba. Huko wolai si kitoweo tu. Mwaka 1965 alitangazwa kwa sheria kuwa samaki wa jimbo. Mjini Baudette, karibu na mpaka wa Kanada, amejengewa sanamu yenye urefu wa futi 40. Na mjini Garrison, ukingoni mwa ziwa Mille Lacs, ana sanamu nyingine ambayo watu wazima, wenye kazi na madeni, hujipanga mbele yake wapigwe picha. Asidhaniwe kuwa ni jamaa wa sangara wa Ziwa Victoria. Sangara ni pandikizi la samaki. Wolai ni wa wastani, na heshima yake haikutokana na ukubwa wa mwili bali na utamu wa nyama yake, ambayo ni nyeupe, laini, na haina shombo.

Mwishoni mwa majira ya baridi sheria hufunga uvuvi wake, apate kutaga kwa amani. Barafu ikiyeyuka mwezi wa Aprili, majike na madume hujongea usiku kwenye changarawe na mawe ya kingoni, jike mmoja akamwaga mayai kwa maelfu na malaki, kisha wazazi wote wawili wakaenda zao bila kugeuka nyuma. Msimu hufunguliwa tena Jumamosi moja ya katikati ya Mei, siku ambayo kalenda huiita ya machipuko na mwili ukakataa kuisadiki. Mwaka 2013 siku hiyo ilifika barafu ingali imefunika maziwa mengi ya kaskazini.

Sasa, kwa hesabu ambayo sidhani kama mwanamke yeyote alishauriwa, Jumamosi hiyo aghalabu huangukia mkesha wa Siku ya Mama. Wanaume wa Minnesota huikimbilia mitumbwi wakati ule ule ambao wangepaswa kununua maua, na wake zao, kwa uzoefu wa vizazi, wamekwisha kulizoea jambo hilo. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Tanga, hakuwa amelizoea.

Aliyeileta fitina nyumbani kwetu ni kaka yake, shemeji yangu, dereva wa malori, mtu mkarimu na mchangamfu, aliyeambukizwa uvuvi wa wolai na madereva wenziwe hata akawa anaota kwa inchi. Ijumaa ya kuamkia ufunguzi alinunua ruba. Wolai wa machipuko, maji yakiwa baridi, hupenda zaidi dagaa hai waliotungwa katika ndoana yenye kichwa cha risasi; ila ruba naye hamkatai, na dukani huuzwa kwa dazeni, mzima, akiogelea. Hutaka baridi asife. Basi shemeji akawahamishia wake katika kopo la mtindi, akalifunika vyema, akaliweka ndani ya jokofu kwenye rafu ya kati, mahali pa mtindi.

Mke wangu alikuwa akitafuta mtindi wa kurojeshea nyama ya biriani. Nilimwona akifungua kifuniko, kijiko kikiwa tayari mkononi. Ruba wa kule ni weusi, wembamba, na wakihisi joto la mkono hujinyoosha kuelekea lilikotoka, kila mmoja akitafuta kwa kichwa chake. Na hawa walijinyoosha wote pamoja, kwa adabu, kukielekea kijiko.

"Kaka," alisema, kwa upole ulionitisha kuliko ukelele, "hawa ni wageni wako?"

"Ni chambo, dada. Lifunike kopo, watapata joto."

"Na mtindi wangu uko wapi?"

"Nimeula mchana. Ningelipataje kopo?"

Alilifunika, akalirudisha rafuni, akanawa mikono kwa muda mrefu. Kisha akatoa hukumu. "Vyema. Jumapili ni siku yangu, na Jumapili nataka samaki. Wa kuvuliwa. Nyumba hii haiwezi kulisha ruba bure."

Boti ilikuwa ya jirani yetu, mzee ambaye babu zake walitoka Norwe na ambaye, kama wengi wa asili hiyo, huyatoa maneno kwa hadhari, pengine akichelea yasije yakamwishia kabla ya uzee kwisha. Mambo mema huyaambia "si vibaya". Mambo mabaya huyaambia "si vibaya sana". Alitupakia garini na vitu vyetu, tukasafiri maili mia hivi kwenda kaskazini, na alasiri tukawa kwenye gati la kushushia boti pale Mille Lacs, nyuma ya msururu wa magari yenye matela, kila dereva akiwachungulia wenziwe wakirudi kinyumenyume majini, kwa lile tumaini la siri alilo nalo kila mtazamaji wa shughuli ya mwenzake.

Watazamaji hao hawakutoka bure. Sheria ya jimbo inaamuru kwamba boti ikiwa barabarani nguruzi iwe imetolewa, maji yote yachuruzike, ili viumbe waharibifu wasihamishwe kutoka ziwa hata ziwa, hasa wale kome wadogo wenye milia walioletwa Marekani katika matumbo ya meli kutoka Ulaya. Ni sheria njema. Lakini ikishatolewa nguruzi, hapana sheria ya pili inayomwamuru mtu akumbuke kuirudisha. Tulikuwa tumekwisha kuliacha gati, mzee akiwa ameshika usukani wa injini tezini, mimi omo, shemeji katikati akipanga ndoana zake, nilipoona kopo la ruba likielea kunijia. Nilimwuliza mzee, kwa taadhima iliyostahili umri wake, kama boti za aluminiamu huwa na desturi ya kunywa maji. Aliinama, akatazama, akatia mkono mfukoni mwa koti, akaitoa nguruzi, akaikagua pande zote. "Si vibaya sana," akasema. Mtu wa Pangani anajua kufua maji kabla hajajua kusoma, lakini hufua maji ya Bahari ya Hindi, yaliyo vuguvugu, kwa kata ya mti. Sikuwahi kufunzwa kuyafua maji yaliyokuwa barafu majuma machache nyuma, kwa kikombe cha thamosi, huku gatini watu wakipungia mkono.

Mille Lacs ni ziwa pana ajabu na lenye kina haba. Hata kina chake kikuu hakipiti futi 42 hivi. Kwa hiyo upepo ukivuma kidogo tu, maji hayana mahali pa kuzamia ghadhabu yake, huinuka mara moja. Upepo ulivuma. Ulitoka kaskazini, ukapita katika koti, katika sweta, katika shati, ukafika. Nilidhani mzee angegeuza boti. Badala yake niliona wajihi wake unakunjuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kwani mawimbi ya kiasi kile ndiyo huvunja mwanga, na mwanga ukivunjika wolai hupanda kwenye mawe kuja kula. Pangani, bahari ikichafuka hivyo, wavuvi huketi kivulini wakashona nyavu na kusimuliana uongo, wala hapana awaitaye wavivu. Pale nilitazama kila upande nikaona mitumbwi iliyojaa wanaume wenye pua nyekundu, wakipanda na kushuka, wote wakiwa na furaha kubwa ambayo hakuna hata mmoja aliyeionyesha.

Kumvua wolai wa wakati ule kunataka utulivu. Maji yakiwa baridi damu yake nayo ni baridi. Hakimbilii chambo, hakiparamii. Hukisogelea, akakivuta kwa ncha ya mdomo, akakiacha. Mshipi mwembamba husema jambo dogo sana kidoleni, na kidole chenye ganzi hakisikii. Nilivua glavu nipate kusikia, nikasikia baridi. Shemeji, ambaye hakuvua zake, alirusha mshipi kwa nguvu za mtu aliyezoea gia za lori, ndoana ikapita juu ya kichwa cha mzee, ikaikwapua kofia yake ya sufu, ikaenda nayo ziwani mbali kabisa, ikazama. Akaukunja mshipi taratibu hata kofia ikarudi ikichuruzika, na ruba angali mzima pembeni mwa utepe wake. Mzee aliikamua, akaivaa.

Tuliketi hivyo hadi jua likaanza kutua, nalo katika mwezi ule hutua kiasi cha saa mbili u nusu usiku, habari ambayo bibi yangu mzaa mama aliikataa kabisa nilipomsimulia kwa simu. Hapo ndipo simu ya shemeji ilipoadhini magharibi, na papo hapo mwanzi wangu ukainama. Basi shemeji, aliyekuwa akitukumbusha siku zote kwamba magharibi ni wakati mfupi wala haukawizwi, alikata shauri kwa haraka ambayo sikuijua kuwa ni tabia ya wanazuoni. "Vuta, shemeji! Nchi hizi machweo yake ni marefu!" Wallahi, kwa elimu ya nyota alikuwa na haki: kadiri mtu anavyokwenda kaskazini ndivyo mwanga wa jioni unavyokawia.

Nikavuta. Alikuja kwa uzito wa heshima, akipiga kichwa chini, akipumzika, akipiga tena, hata ubavu wa dhahabu ukametameta chini ya boti. Shemeji alitia wavu wa mkono. Ndoana ikashika wavu. Wavu ukashika glavu. Na samaki, ambaye peke yake kati yetu hakuwa amenaswa na kitu tena, alianguka sakafuni, miguuni pa mzee.

Ni lazima nieleze kwamba wolai wa Mille Lacs wana wenyewe, tena wa pande mbili. Upande mmoja ni Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao haki yao ya kuvua kwa mkataba wa mwaka 1837 ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1999. Upande wa pili ni jimbo. Pande hizo hupanga kila mwaka kiasi cha kuvuliwa, kisha jimbo likawatungia wavuvi wake kanuni za kutoshana. Mwaka ule kila mtu aliruhusiwa kubaki na samaki mmoja, naye awe na urefu wa kati ya inchi 21 na 23, ama apite 28. Mzee alitoa rula. Alimlaza samaki, akamfumba mdomo, akambana mkia kwa vidole viwili, akatazama, akatazama tena kwa miwani. Inchi 23 na nusu.

"Mwambie ampime kesho," alisihi shemeji kwa Kiswahili. "Baridi husinyaza."

Mzee, ambaye hajui Kiswahili, alikuwa amekwisha kumtia samaki majini, akimshikilia kwa upole hata akapata pumzi. Lile jicho la ukungu lilinitazama, au halikunitazama. Kwa jicho lile mtu hawezi kujua. Likaenda. Baada ya hapo giza lilipozidi walikuja wengine, mbio mbio, kila mmoja na kasoro yake: wa 17, wa 26, wa 20 na robo tatu ambaye shemeji alijaribu kumnyoosha kwa nasaha. Wa kimo halali alimwangukia mzee peke yake, wa 22 barabara, akamtia katika ndoo yake.

"Si vibaya," akasema, na njia nzima ya kurudi hakusema tena.

Jumapili asubuhi shemeji alitoka mapema, akarudi na mfuko chini ya koti, akajifungia jikoni na kumkataza dada yake asikanyage humo, kwani ilikuwa siku yake. Alikuna nazi, akasaga tangawizi, akakamua ndimu, akapika vizuri, nakiri, kuliko alivyovua. Mke wangu alikula kwa utulivu, akasifu mchuzi, akaulamba mwiba.

"Mtamu. Mlimvua wapi, kaka?"

"Kaskazini, dada."

"Kaskazini sana?"

"Sana. Tulipata taabu."

"Naona," akasema, akatoa chini ya sahani yake kipande cha karatasi kilichokunjwa, chenye alama ya bei, akakisoma. "Hapa wameandika Kanada. Mlivuka mpaka kwa pasipoti gani?"

Shemeji akaomba aongezwe wali.