Mama Mkwe, Mjomba na Kifo cha Gabbar

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, filamu haiishi mpaka ijadiliwe, na haijadiliwi mpaka mtu anune. Jumamosi baada ya Isha, kila aliyeona kitu wiki hiyo hukisimulia, na wengine humkatiza. Binti yangu wa kidato cha tatu huja na tamthilia za Kikorea, ambazo huanza kuzililia kabla hajataja hata jina la mhusika. Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, ni mtu wa mapigano. Kwake filamu isiyotafsiriwa na DJ ni nusu filamu, na akipandwa na mori hukumbusha enzi za mtafsiri Lufufu, kana kwamba bila Lufufu akina Rambo wasingejua kuongea.

Mimi niliwahi kuwabembeleza tuangalie Vuta N'Kuvute, ile aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Kwa kuwa riwaya niliisoma, nilikaa roho juu tangu mwanzo nikitafuta kilichoachwa. Baba watoto, ambaye hakuisoma, aliipenda hadi akanyamaza, na kwetu hakuna tuzo inayozidi hiyo. Mama mkwe alisema picha ni nzuri, ila Unguja ya enzi zinazosimuliwa mle haikuwa na giza kiasi kile.

"Si mlikuwa mnatumia kandili, Mama?" nikamwuliza.

"Kandili za zamani zilikuwa zinawaka," akanijibu.

Hivyo vyote, hata hivyo, ni vitafunio. Chakula chenyewe ni Sholay.

Sholay ilitoka India Agosti 1975 na ikaonyeshwa zaidi ya miaka mitano katika jumba moja la sinema huko Bombay. Kwenye vinywa vya mama mkwe na mdogo wake wa kiume, Mjomba, aliyehamia kwetu baada ya kustaafu reli, bado inaonyeshwa. Kwa asiyeijua: jambazi Gabbar Singh anamuulia Thakur, afisa wa polisi, watu wa nyumbani kwake, kisha anamkata mikono yote miwili. Thakur anawakodi wahuni wawili, Veeru na Jai, wamkamatie Gabbar akiwa hai. Wanaimba, wanapenda, wanapigana, Jai anakufa, na mwisho Thakur anabaki ana kwa ana na Gabbar, bila mikono lakini na viatu vya misumari.

Hapo ndipo ukoo unapogawanyika. Mjomba aliiona Dar es Salaam, kwenye Drive-In ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo, akiwa amekaa nyuma ya pikapu ya bosi wake. Anaapa kwamba Thakur alipotaka kummaliza Gabbar, polisi walitokea, wakamkumbusha sheria, na Gabbar akatiwa pingu. Mama mkwe anaapa kwamba hakuna polisi yeyote aliyefika. Thakur alimuua kwa miguu yake, kisha akalia.

"We mtoto ulilala," Mama humwambia. Mjomba ana wajukuu.

"Dada, wewe umeona mkanda wa video. Mimi nimeona kwenye skrini pana kuliko ukuta wa nyumba hii."

"Upana wa ukuta haumfufui mtu."

Ubishi huo ungeendelea kuwa ubishi tu kama Mjomba asingemtaja mbuzi. Akikosea, atanunua mbuzi. Mama naye akasema akikosea yeye, atakiachia kile kiti chake kilicho chini ya feni na mbele ya televisheni, ambapo hata mgeni kutoka Muscat aliwahi kuinuliwa. Shemeji akauliza kama hiyo si kamari. Wote wawili wakamjibu kwa pamoja kwamba ni nadhiri. Sikutia neno. Nyama ya mbuzi naipenda.

Shemeji akatumwa na flashi kwenye kibanda cha filamu. Akarudi na Sholay, lakini mnamjua Shemeji: alileta iliyotafsiriwa. Kwa zaidi ya saa tatu DJ alizungumza juu ya kila mtu, hata juu ya farasi. Gabbar akapewa madeni ya vikoba ambayo nina hakika Ramesh Sippy, mwongozaji wa filamu, hakuyafikiria. "Huyu kijana ataniharibia picha," Mama akawa analalamika, huku akicheka kwa siri nyuma ya mtandio.

Jai alipokufa, binti yangu alilia kisawasawa. Sarafu ambayo Jai alikuwa akiirusha kila walipotaka kuamua jambo, kumbe ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Muda wote aliamua yeye, akajichagulia kubaki nyuma na kufa. Mwanangu wa darasa la tano hakuguswa.

"Stelingi hafi," akasema. "Kwa hiyo huyu hakuwa stelingi."

Shemeji, mtu mzima aliyeishi kwa kanuni hiyo hiyo, alinyamaza, akaonekana kama anapitia upya filamu zote alizowahi kuona. Dada wa kazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, akaanza kumtetea Jai, na jikoni ule wali wote ukageuka ukoko. Tuliula hivyo hivyo.

Tukafika mwisho. Thakur kamwangusha Gabbar, anainua mguu. Mama kaegemea mbele, Mjomba kaegemea mbele. Mguu ukiwa juu, picha ikaganda. Faili lilikuwa bovu. Sauti ya DJ tu ndiyo iliyoendelea, ikitukaribisha dukani kwake kwa filamu mpya.

"Basi nitawamalizia mimi," Mama akasema, akasimama.

Mama mkwe wangu ana zaidi ya miaka sabini, na magoti ambayo hayamruhusu kwenda sokoni Mgandini. Alinitaka nimfunge kanga mabegani ili mikono isionekane. Nikamfunga. Ukiambiwa na mama mkwe ufunge kanga, unafunga kanga. Shemeji akaamriwa kuwa Gabbar, akalala chali chini, kichwa karibu na meza ya televisheni. Baba watoto akasema, "Mama, taratibu," kwa sauti ya mtu asiyetarajia kusikilizwa.

Teke lilikuwa zuri. Lingekuwa zuri zaidi kama Shemeji asingekwepa, jambo ambalo Gabbar halikumpitikia. Kandambili iliruka ikatua kwenye chai ya Mjomba. Mguu uligonga mguu wa meza, televisheni ikayumba, ikasita, halafu ikaanguka kifudifudi juu ya pembe ya kigoda. Kutoka sakafuni tukaendelea kumsikia DJ akituambia tusikose sehemu ya pili.

Hakuna aliyepumua. Mama kasimama na mguu mmoja mtupu, kafungwa kanga, hana mikono ya kujishikia kiuno.

"Hapo sasa," Mjomba akasema, "ndipo polisi wanapoingia."

Asubuhi fundi alikuja, akaigeuza, akaangalia ufa uliokatiza kona hadi kona, akauliza imepigwa na nini. "Thakur," baba watoto akamjibu. Fundi akasema kioo kimekufa, na bei ya kioo kipya inakaribia bei ya televisheni nzima. Mama alikuwa chumbani akikandwa goti kwa maji ya moto, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba televisheni za sasa hazina uzito.

Binti yangu ndiye aliyetafuta ukweli kwenye simu, jambo ambalo tungeweza kulifanya tangu mwanzo, ila lingetunyima jioni nzuri. Ikawa wote wawili hawakusema uongo. Sippy alipiga picha ya mwisho ambamo Thakur anamuua Gabbar. Wakaguzi wa filamu wakaikataa, kwa kuwa mwaka ule India ilikuwa chini ya hali ya hatari, na hawakutaka aliyekuwa polisi aonekane akichukua sheria mkononi, au tuseme mguuni. Mwisho ukapigwa upya, polisi wakaingizwa, na huo ndio ulioonyeshwa sinema. Ule wa kwanza ulikuja kutoka kwenye mkanda wa video nchini Uingereza mwaka 1990. Mkanda wa Mama aliletewa na binamu yao wa Leicester. Tena mwaka 2025, filamu ilipotimiza miaka 50, ilisafishwa ikaonyeshwa Bologna, Italia, na mwisho wake wa asili.

Nilidhani hapo patakuwa na suluhu. Mama akadai kwamba wa kwake ndio wa asili, basi mbuzi aje. Mjomba akasema picha ni ile waliyoiona watu, na kwamba ile nyingine ni malalamiko ya mwongozaji yaliyotiwa kwenye mkanda. Hoja yake si mbaya. Vizazi viwili vilikua na Gabbar mwenye pingu, na huwezi kuja baada ya miaka yote hiyo kuwaambia wenzio waliona picha siyo.

Lakini mimi niko na Mama, na si kwa kuogopa kunyimwa salamu. Mtu aliyeuliwa watoto, akakatwa mikono, akangoja saa tatu nzima ndani ya viatu vya misumari, hawezi kuja kukatizwa na askari aliyechelewa kufika. Ule mwisho wa polisi una harufu ya ofisini. Na kilio cha Thakur baada ya kuua ndicho kinachoonyesha kwamba kisasi hakikumrudishia chochote. Ukimnyima kuua, umemnyima na kilio chake. Nilimweleza hivyo baba watoto usiku, akasema sheria ni sheria, akageukia ukutani.

Kikao cha ukoo kimeamua mbuzi ageuzwe mchango wa televisheni. Mjomba ametoa nusu, kwa kuwa anasema kakosea nusu. Mama hajatoa kitu, kwa kuwa hajakosea. Kwa sasa tunaangalia kwenye simu ya binti yangu, imeegemezwa chupa ya chai; Mama yuko karibu nayo, sisi wengine tunasikiliza, na ubishi umeongezeka, maana kila mmoja anajitungia anachodhani kinatokea. Kwa hiyo, mwenye televisheni ya inchi 32 inayowaka, asiyeihitaji na anayekubali kulipwa kidogo kidogo, afike Ngamiani aulize nyumba yenye makelele Jumamosi usiku. Alete na meza yake.