Mdomo wa Dele

Leo asubuhi nimekwenda kazini kwa kuzunguka nyuma ya msikiti. Njia hiyo ni ndefu, ina tope na ina mbuzi mmoja mkorofi, lakini haipiti barazani, na barazani ndipo jana baada ya alasiri nilipowatafunisha wazee saba kahawa.

Ndiyo, kuwatafunisha. Kahawa yangu ilitaka meno, na watatu kati yao hawana.

Lawama naanza kumtupia mhamasishaji. Hoteli ninakofanya kazi ya mapokezi ilimleta mwezi uliopita, kaja na viatu vya ncha na kipaza sauti cha shavuni, akatwambia tunawahudumia wageni kama watu wasiojua kwa nini wameamka. Kila mmoja achague mtu anayemvulia kofia, afuate nyayo zake. Wenzangu wakachagua matajiri na wacheza mpira. Mimi nikamchagua mwimbaji Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, aliyekuwa akiingia mjini na vyungu kichwani, akivinadi kwa sauti iliyofika kabla ya vyungu vyenyewe. Mwaka 1928 sauti ile ile ikafika Bombay kurekodiwa santuri. Nikajiambia, kumbe kinachotakiwa ni kitu cha kubeba na roho safi. Wiki hii mjomba wangu, muuza kahawa, kavimba mguu, dele lake limekaa bure. Nikaiona ishara.

Dele lazima nilieleze, maana jana usiku sikulala nikilifikiria. Ukiliona njiani utadhani ni birika lililonenepa chini. Wapi! Chini yake kuna kiseredani cha makaa, hivyo kahawa hukaa moto toka alasiri hadi isha bila kuchemka upya, kwani ikichemka upya hugeuka dawa ya minyoo. Tumbo ni pana ili machicha yatandae na kutulia. Shingo imebanwa ili harufu ya iliki na tangawizi isitoroke. Mdomo umepinda kama wa kasuku, ukimimina kahawa hukata hapo hapo, haichuruziki. Na muuzaji hatembei kama watu wengine, kwa sababu akilitikisa tu, machicha yameamka. Mjomba huenda magoti yamelegea, bega moja limeshuka, dele limetulia hata akiruka mtaro, huku mkono wa pili ukigonga vikombe, ka-cha, ka-cha. Kila muuzaji ana mdundo wake. Mtu aliyeko chooni anajua ni nani anayepita. Sasa, ndani ya ule mdomo, mwisho kabisa, mjomba hushindilia kishada cha makumbi ya nazi. Ndilo chujio. Miaka yote wazee wanakunywa kahawa safi kwa sababu ya kitu kimoja chenye rangi ya panya aliyekufa.

Mimi, mtu wa mapokezi, niliyefundishwa kwamba mgeni akiona unywele mmoja kwenye sinki basi hoteli imekwisha, nilikiona kile kitu, nikakichomoa kwa pini, nikaliosha dele kwa sabuni ya limau.

Mzee aliyepokea kikombe cha kwanza alinyamaza muda mrefu, taya zinakwenda. Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua: "Mwanangu, mjomba wako hutunywesha. Wewe umekuja kutulisha." Jirani yake akauliza kama kitoweo kinakuja.

Kikombe nilichokivunja nikijaribu kugonga, kaa lililoniangukia kwenye kandambili, noti ya elfu tano niliyoirudishia chenji ya elfu kumi: hayo tuyaache.

Lakini kuna neno limenikaa kooni kuliko machicha. Nilipomtaja Siti, mhamasishaji alisema alifika mbali kwa sababu aliipenda kazi yake. Nani alimuuliza? Alizaliwa akaitwa Mtumwa. Hilo la Siti alipewa baadaye, alipokwisha kuwa mtu wa kuheshimiwa. Vyungu alivibeba kwa kuwa nyumbani palihitaji kula. Mjomba naye hana mapenzi na dele, ana watoto sita. Nami kila siku nasema "karibu" mara mia kwa watu ambao chumba chao cha usiku mmoja kinazidi mshahara wangu wa mwezi, na mshahara wenyewe wa mwezi uliopita haujaingia. Mhamasishaji, nasikia, alilipwa siku ile ile, taslimu. Kama moyo wa kazi unashibisha, mbona yeye hakulipwa moyo?

Nilipolirudisha dele usiku, mjomba alicheka mpaka mguu ukamuuma. Kisha akakatiza, akauliza yale makumbi yako wapi. Alikuwa ameyazoeza miaka mitatu. Mapya huipa kahawa ladha ya kamba. Nikamwambia niliyatupa uani, mbuzi kayala.

Ndiye huyo huyo wa nyuma ya msikiti. Leo nilipopita alikuwa akicheua polepole, macho kanikazia, kama mzee wa barazani.