Fremu Mbili na Karo Moja

Wazo tulilipata kwa jirani, kama wanavyolipata wengi hapa Tabata. Jirani wa kulia alivunja ukuta wake wa mbele akapandisha fremu tatu: duka la dawa, wakala wa kutuma pesa na muuza chipsi. Tangu hapo akawa anatusalimia kwa sauti ya mtu mwenye wapangaji. Sisi tulikuwa na mita nne na nusu kati ya baraza na barabara, zilizokaliwa na mwarobaini, kamba ya kuanikia nguo na kuku wawili wa mama mkwe.

Nikapiga hesabu usiku, nyuma ya daftari la mtoto. Fremu mbili, mita tatu kwa tatu kila moja, kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

"Na karo?" mke wangu akauliza, huku anachambua mchele.

"Karo lina nini?"

"Haya."

Aliyeoa anaijua "haya" ya namna hiyo. Haina ukoo na kukubali.

Hofu yangu mimi ilikuwa mbele, barabarani. Tangu mwaka 2017, nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilipobomolewa kupisha upanuzi, mwenye nyumba wa Dar akiona X nyekundu ukutani tumbo linamkata. Nikapima umbali wa barabara mara tatu. Nikamwita mjumbe, nikaenda serikali ya mtaa, nikafuatilia kibali mpaka soli ya kiatu ikaachia. Kila nilichopima kilikuwa juu ya ardhi.

Fundi akaja na timazi shingoni kama daktari na kipimo chake. "Bosi, tofali mia tano zinatosha, wiki mbili nakukabidhi funguo." Ukuta hula tofali kumi hivi kwa kila mita ya mraba, na kabla ya kufika kwenye linta msingi ulikuwa umeshakula mia na ushee. Tulimaliza na mia saba. Nami, kwa ujanja wangu, nilikuwa nimenunua za bei nafuu. Mfuko wa kilo 50, kwa mtu mwaminifu, hutoa tofali thelathini au thelathini na tano za inchi sita. Huyu wangu naona alikuwa akiuonjesha mchanga saruji. Mama mkwe alichokonoa moja kwa ufunguo wa kabati, kona ikamwagika. Akatazama kuku wake, akatazama tofali, akaingia ndani bila neno.

Wiki mbili zikawa miezi minne. Lori la mchanga lilishindwa kukata kona ya mtaa wetu, likamwaga njia panda. Vijana wa toroli walipofika, mvua ya vuli ilikuwa imeshachukua fungu lake na watoto wa mtaa wamejenga lao. Fundi naye alifiwa na shangazi. Baada ya majuma matatu akafiwa na shangazi yuleyule.

Siku ya kumwaga jamvi mke wangu alikuwa harusini Tanga. Fundi akasimama na chepe, anautazama mfuniko wa karo.

"Bosi, hapa tunaacha tundu?"

Nikafikiria mpangaji wangu wa baadaye, anakanyaga zege lililolala kama kioo. "Funika. Karo la familia ndogo halijai."

Sehemu kubwa ya jiji hili haina bomba la majitaka. Tunaishi juu ya makaro yetu, na masika, ardhi ikishalewa maji, ndipo karo hukumbusha kwamba lipo. Aprili ilipofika, choo chetu kikaanza kuguguma, kisha kikakataa kabisa. Nikaita gari la majitaka. Kijana akashuka na mpira begani.

"Mfuniko uko wapi?"

Mke wangu akanyoosha mdomo upande wangu. "Muulizeni mwenye nyumba."

Mwenye nyumba akaonyesha fremu ya pili. Fremu ya pili ilikuwa saluni, na ilikuwa Jumamosi ya harusi. Fundi akaja na nyundo na tindo, akagonga sakafu kutafuta panapolia utupu, na palipolia ni chini ya kiti cha kusukia. Vumbi la zege likapanda mpaka kwenye vioo. Mpira ukapitishwa katikati ya wateja. Harufu ilipotoka, haikubaki mtu: bibie mmoja alikimbilia barabarani upande umesukwa twende kilioni, upande wa pili nywele zimesimama wima, na huko nje akakutana na jirani wa kulia, aliyekuja kutupa pole kwa sauti ileile.

Lile zege la jamvi ndilo kitu pekee ambacho fundi alikitengeneza vizuri. Tulilitindua kwa saa tatu.

Mfuniko sasa uko katikati ya sakafu, na vishikio viwili vya nondo, umetandikwa zulia. Dada wa saluni analipa nusu kodi. Fremu ya kwanza bado haina mtu. Ukimjua anayetafuta, mwambie hiyo haina karo chini. Mke wangu ameshahakikisha.